Oili ya Giaboksi ya Otomatiki: Ibadilishwe Lini, na Ibadilishwe Vipi?

Muulize fundi mmoja Nakuru kama oili ya giaboksi ya otomatiki inafaa kubadilishwa, naye atakwambia, "Mkubwa, kama gari linakwenda, hiyo usiiguse." Vuka barabara umuulize mwingine, naye atataka imwagwe yote leo hii. Aliyekuuzia gari atakuhakikishia kwamba kampuni iliweka oili ya maisha, kwa hivyo usijisumbue. Mwenye pikapu anarudi nyumbani na majibu matatu yasiyopatana, na kwa kuwa kuacha mambo yalivyo ndiyo njia rahisi, anayaacha yalivyo. Huku nyuma giaboksi inaungua polepole.

Mkanganyiko huu umekua kwa sababu magari ya kazi yenyewe yamebadilika. Pikapu za kushusha maziwa na viazi kutoka Molo, za kusambaza bidhaa za duka hadi Kericho na Kisumu, na hata malori makubwa yanayoelekea Malaba, nyingi sasa huja bila pedali ya klachi. Mazoea ya kuzitunza, hata hivyo, yamebaki yale ya giaboksi ya mkono, ambako oili ya gia inaweza kukaa miaka bila mtu kuikumbuka na gari likaendelea na kazi. Kwenye otomatiki mazoea hayo huishia kwa giaboksi iliyofunguliwa juu ya meza ya fundi na mwenye gari anayetafuta mkopo.

Msimamo wangu ni kwamba oili hii hubadilishwa, tena hubadilishwa kabla dalili hazijaonekana, na kwamba kinachoizeesha hasa ni joto kuliko kilomita. Ukishalielewa hilo la joto, maswali mengine mengi hujijibu.

Si kila gari lisilo na klachi ni otomatiki

Tuanze na majina, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kukosa pedali ya klachi hakutoshi kuliita gari otomatiki.

Otomatiki kamili haina klachi kavu kati ya injini na gia. Mahali pake pana konvata, chombo cha chuma cha mviringo kilichojaa oili. Injini inazungusha mapanga ya upande mmoja, mapanga yanairusha oili, na oili inayapiga mapanga ya upande wa pili yaliyoungana na giaboksi. Kwa hivyo nguvu ya injini inapita ndani ya oili kabla haijafika kwenye magurudumu. Nyuma ya konvata kuna sahani nyingi nyembamba za klachi zinazoishi zimelowa oili, na kila gia inaingia pale fungu fulani la sahani linapobanwa na shinikizo la oili hiyohiyo. Hilux, Ranger, D-Max na Navara za otomatiki ziko kundi hili. Ziko pia giaboksi za Allison, kampuni ya Marekani ambayo kazi yake hupatikana sana kwenye malori ya taka, ya zimamoto na mabasi ya mijini kote duniani.

Kundi la pili ni yale malori makubwa ya masafa: Volvo yenye I-Shift, Scania yenye Opticruise, Mercedes yenye PowerShift. Dereva anaona D na anaona hakuna klachi, anasema ni otomatiki. Ndani, hiyo ni giaboksi ya kawaida yenye klachi kavu, isipokuwa kompyuta na hewa ya kompresa ndizo zinazokanyaga klachi na kupangua gia kwa niaba yake. Oili yake ni oili ya gia, nzito kuliko ile nyekundu ya otomatiki kamili iitwayo ATF, na ratiba yake ni nyingine kabisa. Mtu akikushauri umimine ATF kwenye treila la aina hiyo kwa sababu "ni otomatiki", ondoka hapo na gari lako.

Kundi la tatu, la CVT, hutumia mkanda wa chuma na puli, na liko zaidi kwenye magari madogo ya nyumbani. Nalo lina oili yake, na haichanganywi na nyingine. Kutoka hapa nitazungumzia otomatiki kamili tu.

Oili hii inafanya kazi nyingi kuliko kulainisha

ATF ni herufi zilizoandikwa kwenye mkebe, nazo husimamia oili ya giaboksi za otomatiki. Tumezoea kufikiri kwamba oili yoyote kazi yake ni kuzuia chuma kisisuguane na chuma. Hii hufanya hivyo, lakini pia hubeba nguvu ya injini ndani ya konvata, hubana sahani za klachi, hupita kwenye vijia vyembamba vya valvu zinazoamua gia gani iingie, halafu huchukua joto lote la shughuli hiyo na kulipeleka kwenye radieta. Na kuna jambo moja gumu zaidi. Sahani za klachi zinatakiwa ziteleze kidogo zinapoanza kushikana, kisha zikamate kabisa, yote kwa muda mfupi sana. Dawa zilizochanganywa kwenye oili ndizo zinazosimamia mtelezo huo. Dawa hizo zikichoka, gia huingia kwa kishindo au huteleza zisiingie sawasawa.

Kinachozichosha ni joto. Kisumu, kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa, kila mpishi anajua kwamba mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi huwa meusi, huwa mazito na kutoa harufu, na kwamba kuongezea kikombe cha mafuta mapya juu yake hakuyarudishi yalivyokuwa. ATF huzeeka kwa njia hiyohiyo. Giaboksi yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hadi 95 za Selsiasi. Kanuni inayotumiwa sana na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hukata maisha ya oili nusu. Ni makisio, si sheria, lakini angalia yanakopeleka hesabu: oili ambayo ingedumu kilomita 80,000 ikiwa kwenye nyuzi 90, ikiishi kwenye nyuzi 110 itabakiwa na 20,000 tu.

Joto hilo linatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye konvata, wakati injini inazunguka kwa kasi na magurudumu yanakwenda polepole. Konvata za kisasa zina klachi ya ndani inayofunga pande mbili zikazunguka pamoja gari likishachanganya, na hapo joto hushuka. Lakini kwenye mlima, na mzigo mgongoni, kufuli hiyo hufunguka, oili ikaanza tena kuchapwa na mapanga.

Sasa fikiria barabara zetu. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Anayetoka Kisumu anaanzia kwenye usawa wa ziwa, mita 1,130 hivi, na baada ya tambarare ya Ahero na Awasi anapanda hadi Kericho kwenye chai. Ongeza milima ya Maragoli, na ile ya Nandi, na matuta ya barabarani kila penye soko. Kitabu cha gari kinapozungumzia "matumizi ya kawaida", kinamzungumzia mtu anayekwenda kasi moja kwenye barabara ya tambarare bila mzigo. Kinapozungumzia "matumizi mazito", yaani mizigo, milima, vumbi na kusimamasimama, kinakuzungumzia wewe.

Lini?

Kitabu cha gari lako ndicho cha kwanza. Kwa pikapu nyingi, ratiba ya matumizi ya kawaida huangukia kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na ya matumizi mazito hukaribia nusu ya hapo. Kwa pikapu inayobeba mzigo huku kwetu, mimi ningebadilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000. Watakaosema ni mapema wapige hesabu. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 180 na ushei. Gari linalokwenda na kurudi mara nne kwa wiki hukata karibu kilomita 1,500, kwa hivyo hufikisha 40,000 kwa takriban miezi sita. Mara mbili kwa mwaka kwa gari linaloleta chakula nyumbani si gharama ya kulalamikia.

Kilomita pekee zinaweza kudanganya, hasa kwa magari yanayounguruma yakiwa yamesimama. Lori la taka linalosimama kila mlango huku pampu ya kubana taka ikifanya kazi linaweza kumaliza siku na kilomita 30 tu, ilhali giaboksi imeshinda kwenye joto. Lori la otomatiki kamili lililoshinda likijongea kwenye foleni ya Malaba injini ikiwaka ni vilevile. Ndiyo maana Allison huweka ratiba yake kwa kilomita, kwa miezi na kwa saa za injini, chochote kitakachotangulia. Ratiba hiyo hubadilika pia kulingana na oili: ukitumia iliyoidhinishwa kwa viwango vyao, TES 295 au TES 668 iliyoifuata, muda unakuwa mrefu mara nyingi zaidi kuliko ukitumia oili ya kawaida. Aliyenunua oili ya bei nafuu huku akifuata ratiba ya ile ghali amejidanganya mara mbili.

Na ile "oili ya maisha"? Swali ni maisha ya nani. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za magari mengi ikiwemo ile ya otomatiki ya gia 8 ya Volkswagen Amarok, yenyewe hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8, hata pale ambapo kampuni ya gari imeandika kwamba haibadilishwi. Kati ya aliyetengeneza giaboksi na aliyeuza gari, mimi namsikiliza aliyeitengeneza. Maisha yanayozungumzwa na muuzaji ni ya mmiliki wa kwanza, ambaye hukaa na gari miaka michache akaliuza.

Sisi wengi tunalipokea gari baada ya maisha hayo. Gari la mitumba linaloingia Kenya linaruhusiwa kuwa na umri wa hadi miaka 8. Linakuja na kitabu cha Kijapani, pengine bila kitabu kabisa, na mita ya kilomita ambayo huwezi kuiapia. Kwa gari la namna hiyo chukulia kwamba oili haijawahi kubadilishwa. Ikaguliwe wiki ya kwanza, kabla ya kubandika maandishi kwenye bodi.

Ukaguzi huanza kwa harufu. Oili nzuri haina harufu kali. Iliyoungua hunuka kama klachi iliyochomeka, na pua haikosei hapo. Rangi husaidia, ila usiitegemee peke yake: nyingine hugeuka hudhurungi mapema bila kuharibika, na si kila ATF ni nyekundu tangu mwanzo. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Likisambaa likiwa safi, vizuri. Likibaki doa jeusi katikati lenye chembechembe, sahani zimeanza kulika.

Rangi moja haina mjadala: waridi yenye maziwa. Hiyo ina maana maji yameingia. Mara nyingi ni kibomba cha kupoza oili ndani ya radieta kilichotoboka, maji ya radieta yakachanganyika na oili. Huku kwetu kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni mafuriko. Giaboksi ina tundu la kupumulia. Ikiwa ya moto na ikazamishwa ghafla kwenye maji ya Nyando au Budalang'i, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na tundu likiwa chini ya maji huvuta maji hayo ndani. Gundi inayoshikilia utando wa msuguano kwenye sahani za klachi haivumilii maji. Ukiona waridi hiyo, zima gari, usilisongeze hata hadi gereji ya jirani, livutwe.

Dalili za uendeshaji huja baadaye. Unaweka D na gari linasita kabla ya kuondoka, au injini inapanda kelele bila mwendo kuongezeka, au unasikia mtetemo kama wa kupita juu ya mbavu za barabara ukiwa kwenye kasi ya 60 au 80. Kwa mtetemo, oili mpya mara nyingi husaidia. Kwa kuteleza, huenda umechelewa.

"Ukibadilisha, giaboksi inakufa"

Hii ndiyo imani inayoharibu magari mengi zaidi, na ninaielewa inakotoka, kwa sababu yanayosimuliwa ni ya kweli. Kuna mtu alibadilisha oili Jumatatu, na kufikia Ijumaa giaboksi ikakataa kuingia gia ya tatu. Kilichokosewa ni mpangilio wa chanzo na matokeo.

Jiulize kwa nini mtu huyo alibadilisha Jumatatu hiyo. Kilomita 200,000 hakuigusa. Aliigusa pale gari lilipoanza kuteleza. Sahani zilikuwa zimeshalika, na vumbi lake lilikuwa linaelea kwenye oili ya zamani likiongeza msuguano kidogo ambao sahani zenyewe hazina tena. Ukimwaga oili hiyo unamwaga na huo msuguano wa kuazima. Giaboksi ilikuwa inakufa. Oili mpya imefunua tu yaliyokuwa yamefichika. Hata ingeachwa, ingedumu wiki kadhaa zaidi, pengine mwezi, kisha ikazimia Sachangwan na mzigo mgongoni.

Ipo pia sababu inayowahusu mafundi wenyewe. Mashine ya kusafisha kwa shinikizo kubwa, ikiunganishwa na giaboksi iliyojaa uchafu wa miaka, inaweza kung'oa uchafu huo na kuupeleka kwenye vijia vya valvu. Na oili isiyo sahihi inaweza kuua giaboksi nzima iliyokuwa haina tatizo lolote. Lawama huenda kwa "kubadilisha", ilhali kosa ni namna ilivyobadilishwa.

Kwa hivyo kama gari lako lina kilomita nyingi, halina historia, lakini linaingiza gia vizuri na oili haina harufu ya kuungua, badilisha, taratibu, kwa njia ninayoieleza hapa chini. Kama linateleza na oili ni nyeusi, inanuka, na ina vipande vya chuma, usitumie pesa zako kwa oili ukitarajia muujiza, wala kwa zile chupa za dawa ya giaboksi. Weka pesa hizo kwenye akiba ya ukarabati.

Oili gani?

Wekundu hauthibitishi chochote. Ni rangi tu iliyotiwa ili uvujaji utambulike. Toyota peke yake imetumia aina kadhaa. Hilux za otomatiki za miaka ya karibuni hutumia WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV iliyoitangulia, na Toyota haikubali moja iwekwe mahali pa nyingine. Ford Ranger ya gia 6 hutumia Mercon LV; ya gia 10 hutumia Mercon ULV, nyepesi zaidi. Nissan Navara ina Matic-S. Dexron, jina ambalo wauza spea wengi hulitaja kwanza, ni la General Motors, nalo lina vizazi vyake.

Kampuni za oili hutengeneza pia ATF inayotimiza viwango vingi kwa pamoja, na nyingine ni nzuri kabisa. Soma nyuma ya mkebe: jina la kiwango chako liwe limeandikwa, si neno "otomatiki zote" peke yake. Oili bandia zimo sokoni, kwa hivyo nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, kagua kifuniko kama hakijafunguliwa, na uhifadhi risiti. Oili ya injini na oili ya haidroliki ya trekta hazina kazi humu, hata kama umekwama Londiani usiku.

Namna ya kuibadilisha

Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepata joto la wastani, magurudumu yafungwe kwa mawe au kabari, na kama limeinuliwa lisimamie vigingi vya chuma, kamwe si jeki peke yake. Oili ya moto inaunguza ngozi, vaa glavu.

Kabla ya kumwaga, fungua kwanza tundu la kujazia. Hili linaonekana dogo, lakini giaboksi nyingi za sasa hazina dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili; hujaziwa kupitia boliti ya pembeni. Boliti hiyo ikiwa imeshika kutu na haifunguki, na wewe umeshamwaga oili yote, gari limekwama hapo ulipo.

Mwaga kwenye chombo chenye alama za lita, upime kilichotoka. Kipimo hicho ndicho utakachorudisha. Kisha teremsha sampu, yaani bakuli la chini la giaboksi. Ndani utakuta sumaku zilizovaa tope laini la kijivu. Hilo ni la kawaida, lifute. Chembe unazoweza kuzishika kwa vidole, au vipande vinavyong'aa, si vya kawaida, na ni afadhali kuzungumza na fundi wa giaboksi kabla ya kuendelea. Filta ibadilishwe, kuna za wavu wa chuma zinazoweza kuoshwa, lakini nyingi si za kuoshwa. Baadhi ya Allison zina filta ya nje ya kuzungusha kwa mkono, rahisi zaidi. Gasketi iwe mpya, na usiongeze juu yake gundi ya tyubu hadi ikafurika ndani, maana vipande vyake hukatika na kuziba filta uliyoiweka sasa hivi. Boliti za sampu ni ndogo na zinaingia kwenye alumini, kwa hivyo kaza kwa msalaba na kwa nguvu ya kiasi.

Hapa panakuja jambo linalowashangaza wengi: umemwaga, na bado oili nyingi ya zamani imebaki ndani. Konvata, mabomba na kipoza oili haviachii oili yao ukifungua boliti ya chini. Giaboksi yenye lita 10 huenda ikatoa 4 tu. Ukirudisha 4 mpya, asilimia 60 ya oili bado ni ya zamani. Rudia baada ya kuendesha, inabaki 36. Rudia tena, inabaki kama 22. Ndiyo maana kwa gari lisilo na historia napendekeza kumwaga na kujaza mara tatu, kukiwa na kilomita elfu moja hivi katikati ya kila mara. Uchafu unatoka kidogo kidogo bila kung'olewa, na giaboksi inazoea. Filta ibadilishwe mara ya kwanza. Ipo njia ya kubadilisha yote kwa mkupuo kupitia bomba la kipoza oili, ikisukumwa na pampu ya giaboksi yenyewe. Ni nzuri kwa gari linalotunzwa kwa ratiba, mikononi mwa fundi aliyeifanya kabla.

Baada ya kujaza, washa injini, kanyaga breki, na upitishe kijiti P, R, N, D polepole, ukikaa sekunde chache kila mahali ili oili iingie kote. Sasa pima. Magari mengi hupimwa injini ikiwaka; yapo yanayotaka izimwe; kitabu kinaamua. Yasiyo na dipstiki hupimwa kwa kufungua boliti ya kiwango oili ikiwa kwenye joto maalum lililoandikwa, na joto hilo husomwa kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Fundi asiye na mashine hiyo anakisia. Oili hutanuka ikipata moto, kwa hivyo kiwango kilichopimwa kwenye joto lisilo lake si kiwango.

Kuzidisha kuna madhara kama kupunguza. Ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, gia zinazozunguka huichapa ikatoa povu, na povu ni hewa vilevile. Kwa njia zote mbili shinikizo hushuka, sahani huteleza, joto hupanda. Endesha kilomita kama 20, rudi, angalia kama sampu inavuja, pima tena. Kisha andika kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na injini: tarehe, kilomita, jina la oili, na lita zilizoingia.

Madereva nao wana sehemu yao. Kwenye mlima mrefu, teremsha gia kwa mkono, L au 2 au M, ili giaboksi isihangaike ikipanda na kushuka gia kila dakika. Kwenye mteremko fanya vivyo hivyo, injini isaidie breki. Kuachia gari liteleze kwa gia huru kuanzia Mau Summit kushuka Salgaa ili kuokoa dizeli ni hatari kwa watu kwanza, kwa sababu breki huchemka na kukataa. Ni mbaya kwa giaboksi pia, maana magurudumu yanazungusha sehemu za nyuma kwa kasi huku injini, na pampu inayoendeshwa nayo, ikizubaa. Na gari la otomatiki likiharibika, lisivutwe kwa kamba na magurudumu yanayosukuma gari yakiwa chini: injini ikizimwa pampu haifanyi kazi, na sehemu hizo zinazunguka bila oili mpya kufika. Lipakiwe juu ya gari la kubebea, au shafti ya nyuma ifunguliwe kwanza.

Imebaki ile oili iliyomwagwa. Wengi huipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, na wengine huiacha iingie mtaroni. Nakuru mji uko juu ya ziwa, na maji ya mvua huteremka huko. Kisumu, mto Kisat hupita mjini na kuishia Ziwa Viktoria, kwenye maji wanayotumia wavuvi wa Dunga na familia zao. Irudishe kwenye mikebe ile ile iliyotoka mpya, ifunge, isichanganywe na petroli wala maji ya radieta, na uiache kwa gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu kwa wachukuaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Uliza swali hilo kabla ya kukubali bei ya kazi.